Kufuli Ishirini na Mbili za Mtaani Kwetu

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti lako limetulia kidogo. Sisi huku hatujambo kwa afya. Nasema kwa afya, maana kwa mengine siwezi kusema hatujambo.

Barua yako nimeipata. Uliniuliza habari za usalama wa mtaa, kama wezi bado wanatusumbua. Halafu pale chini, kwa maandishi madogo, ukaniambia kwamba tangu mdogo wetu Chiriku ahamie kwako, unafunga chumba chako kila ukienda kazini. Ukasema unaona vibaya, lakini ufanyeje. Dada, maneno hayo nimeyasoma hadi nimeyakariri. Naomba ukae kitako kabla hujaendelea.

Unakumbuka hali ilivyokuwa mwanzo wa mwaka. Kwa miezi miwili nyumba tisa zilivunjwa, tena mchana kweupe, watu wakiwa makazini. Fundi cherehani aliibiwa hadi pazia. Mwalimu alirudi akakuta mlango wake umeegemezwa ukutani kwa adabu, bawaba zimekwenda. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao, ikaamuliwa kila nyumba itiwe kufuli mpya, imara, za aina moja, na kazi nikapewa mimi, fundi wa milango. Nakiri nilivimba kichwa. Nilileta katoni nzima siku hiyo hiyo, nikafunga kufuli ishirini na mbili kwa siku mbili, na wizi ukakoma. Watu wakaanza kuniita Bwana Usalama, nami nikaitika.

Fundi anayejua kazi yake hujaribu funguo kwanza. Mimi sikujaribu. Wiki tatu baadaye nilikwenda kutia mafuta kufuli ya mwalimu, nikachomoa mfukoni ufunguo nikidhani ni ule alionipa, kufuli ikafunguka. Ndipo nikaona kwamba ufunguo niliokuwa nao mkononi ulikuwa wa nyumbani kwangu. Nikapita kwa fundi cherehani nikijidai nimekuja kusalimia, nikajaribu. Ikafunguka. Kwa mwenyekiti, vilevile. Katoni nzima ilikuwa ya ufunguo mmoja.

Ningesema siku ile, ingekuwa aibu ya siku moja. Lakini nilishanogewa na kuitwa Bwana Usalama. Nikajiambia nitazibadilisha kimyakimya, moja moja, nikisingizia kutu. Nilikuwa nimebadilisha mbili tu Shangazi alipoibiwa.

Kisa cha Shangazi ulikisikia, ila ulikisikia kwangu, kwa hiyo ulikisikia nusu. Yeye alikwenda kliniki, Chiriku, aliyekuwa akiishi kwake, akaenda sokoni. Waliporudi, televisheni haipo, mtungi wa gesi haupo, na kufuli inaning'inia mahali pake, imefungwa vizuri kabisa. Askari aliigeuzageuza, akasema, "Mama, hapa hapajavunjwa. Aliyeingia alikuwa na ufunguo." Funguo za nyumba ile zilikuwa mbili, mmoja wa Shangazi na mmoja wa Chiriku. Watu wote wakamgeukia mdogo wetu.

Sasa nakupa nusu ya pili. Chiriku hakulia. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akaniuliza, "Kaka, si wewe ndiye fundi? Hebu waambie. Hii kufuli inaweza kufunguliwa na ufunguo mwingine?" Nilimwona usoni, alikuwa na uhakika kabisa kwamba nitamtetea. Mwenyekiti alikuwa pale, na mwalimu, na wateja wangu wote. Nikasema haiwezi.

Hakuniuliza tena. Siku ya tatu Shangazi alimwambia afunge virago, nami nikambebea begi hadi kituo cha mabasi, kama kaka mwema. Njia nzima yule binti ambaye hanyamazi hata akitafuna alitembea hatua mbili mbele yangu. Nilimpa chupa ya maji, akaishika tu. Basi lilipoondoka alikuwa bado ameishika.

Baada ya kusoma barua yako nilikaa siku nne bila kufanya kitu. Jana asubuhi nikaenda kwa Shangazi. Nilimwomba afunge mlango kwa nje, asimame kando, kisha nikaufungua kwa ufunguo wa nyumbani kwangu. Nilitarajia kelele, hakupiga. Aliniuliza tu, "Na siku ile mdogo wako alipokuuliza mbele yangu, ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa najua. Akaingia ndani, akakaa. "Nenda," akasema. "Mlango uache wazi."

Kutoka hapo nilizunguka nyumba moja hadi nyingine, nikisema na kuonyesha. Mwalimu alicheka, nadhani kwa kukosa la kufanya. Fundi cherehani hajaitikia salamu yangu hadi sasa. Kufuli zinarudishwa, nimeweka beseni mlangoni watu wanatupia humo na kuondoka. Mwizi mwenyewe hajulikani. Anaweza kuwa yeyote mwenye ufunguo, yaani sisi sote.

Dada, Chiriku hakuchukua kitu. Acha kufunga chumba chako. Shangazi anataka kumpigia simu lakini anasema hajui aanzie wapi, na mimi si mtu wa kumshauri. Kwa kweli barua hii ilikuwa iwe ya Chiriku. Nimeianza mara tatu nikimwandikia yeye, na kila mara nikifika pale aliponiuliza, mkono unakataa. Ndiyo maana nimejificha nyuma yako, kama nilivyojificha siku ile nyuma ya watu. Naona haya kukuomba hili, lakini naomba: msomee kwa sauti, usiruke mahali, hasa pale.

Msalimie shemeji, nibusie watoto wote watatu, na mama mkwe wako mwambie bado nakumbuka ukarimu wake. Mungu awalinde ninyi na nyumba yenu, maana mimi kazi ya kulinda imenishinda.

Chiriku usimpe salamu zangu. Muulize kwanza kama anazitaka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Fundi