Mstari wa Kuhesabu Nyati

4 Februari

Mume mwenzangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila goti la kushoto limegoma na la kulia linataka kumuunga mkono mwenzake. Mke wetu mzima. Amenituma nikuulize kama unakula. Nimemwambia, "Mjukuu wako yuko chuo, hayuko jela." Hajacheka.

Jana baba yako kaja kanuna. Anasema umefeli mtihani wa vitendo, na chuo kimekupa nafasi moja tu ya kurudia. Ukianguka tena, shahada yako ya wanyamapori kwaheri, anakuhamishia uhasibu. Nikamuuliza umefeli nini, akatingisha kichwa tu. Nieleze mwenyewe. Hapa mtaani nimeshatangaza unasomea kuwatawala wanyama, na fundi viatu kaleta mbuzi wake mwenye kikohozi, anakungoja. Nimemwambia wewe unasomea wanyama wasio na mwenyewe. Kajibu, "Basi anasomea kazi ya bure."

Babu yako,
aliyemuoa mke wetu kwanza


19 Februari

Shikamoo Babu,

Mimi mzima, na mwambie Bibi nakula. Huku kambini hakuna mtandao, barua zinakuja na gari la maji.

Nilifeli hivi. Ili kuhesabu wanyama tunatembea kwa miguu, mstari mmoja ulionyooka, kupita vichakani humo humo. Ukiona mnyama unasimama, unapima yuko mbali kiasi gani na mstari, unaandika, unaendelea. Kukwepa hakuna. Mimi nilipomwona nyati wa kwanza nikapanda mti. Nikahesabu kutoka juu, na nilihesabu vizuri, Babu! Mhadhiri akaja akasimama chini ya mti. "Bwana mdogo, mstari wako wewe unakwenda mbinguni?"

Marudio ni mwishoni mwa Machi. Nyati anatisha, Babu. Anakutazama kama umemkalia kiti chake. Lakini uhasibu siutaki. Kazi ninayoitaka ni hii tu.

Mjukuu wako


2 Machi

Mume mwenzangu,

Salamu nyingi. Magoti yameacha mgomo, yanadai mazungumzo. Barua yako nimemsomea mke wetu, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniuliza kwa siri kama mti ulikuwa mrefu vya kutosha.

Ushauri sina. Mimi niliishia darasa la nne, na nyati pekee ninayemfahamu ni wa kwenye kalenda ya kinyozi. Ila nimeisoma tena hiyo barua. Mhadhiri wako hakukukataza kuogopa. Amekukataza kupanda. Basi ogopa hapo hapo chini, kwa raha zako.

Baba yako mwachie mimi. Huyo alikuwa anamkimbia jogoo mpaka mwaka aliooa.

Babu yako


28 Machi

Mume mwenzangu,

Hujambo? Leo siulizi kwa mazoea, nauliza kweli.

Redio asubuhi imesema mwanafunzi wa wanyamapori kajeruhiwa na nyati kambini. Jina hawakutaja. Baba yako anapiga simu chuoni, inaita mpaka inachoka. Kama ni wewe, mtu yeyote aniandikie hata neno moja. Kama si wewe, andika upesi nikutukane vizuri.

Babu yako


6 Aprili

Mjukuu wangu,

Hilo gari la maji haliji? Andika.

Babu


9 Aprili

Shikamoo Babu, shikamoo Bibi,

Si mimi. Mimi mzima, miguu na mikono yote. Gari la maji lilivunjika gia, barua zenu zimenifikia zote leo.

Aliyeumia ni mwenzangu wa hemani, tunamwita Profesa. Tulikuwa mstarini, mbele yetu askari wa wanyamapori, mama mmoja anayeongea kwa vidole tu. Ngumi juu maana yake simama. Nyati akatokea kwenye majani, ngumi ikapanda. Babu, macho yangu yalishachagua mti wa kupanda. Lakini nilibaki chini. Profesa akatimua mbio, mguu ukazama kwenye shimo la ngiri, ukavunjika. Nyati hata hakumgusa! Alitutazama, akapiga chafya, akaenda zake. Tunambeba Profesa, analia, "Jamani, semeni ni nyati. Msimtaje ngiri!" Ndiyo hiyo habari mliyoisikia.

Nilidhani mtihani umekwisha. Mhadhiri akasema, "Mstari haujafika mwisho." Kesho yake nikarudi, nikaanzia penye lile shimo, nikatembea mpaka mwisho, na nyati wengine wawili njiani.

Nimefaulu. Nabaki chuoni.

Mjukuu wenu


17 Aprili

Mume mwenzangu,

Tuko wazima, na leo uzima wenyewe una ladha.

Barua yako kaileta baba yako. Bahasha hakuthubutu kuifungua, kasimama mlangoni. "Isome wewe, mzee." Nikasoma. Nilipofika "si mimi", mke wetu akanyanyua mkono nisiendelee. Akaingia chumbani, saa nne ya asubuhi, akajitupa kitandani na kilemba chake kichwani. Tangu siku ya redio alikuwa halali, anafagia uwanja usio na taka, na kila gari likipita anasimama na ufagio.

Baba yako nikamsomea mpaka penye "nabaki chuoni". Akasema, "Haya." Akatoka nje. Nikamchungulia dirishani, anafuta macho kwa tai ya kazini, mwanamume mzima.

Sasa mke wetu anakoroma, dari inatikisika. Uji wa asubuhi sijaupata wala sitaudai. Nimekaa kizingitini na fimbo, nafukuza kuku wasimwamshe.

Babu yako