Upande wa Chini

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo mzima. Mtaa wote umeshaambiwa kwamba alimzaa diwani. Na wewe, afya yako? Unapata hata usingizi?

Hongera! Wachukuzi wote wanakusalimu. Winchi alishangilia mpaka sauti ikamkauka, sasa anaomba chai kwa ishara. Tulizunguka mlango kwa mlango kukuombea kura, nami ndiye niliyewapa wenzetu neno langu. Waliponiuliza kama utatukumbuka ukishapata, niliwaambia umebeba makabati nami tangu ndevu hazijakuota, nakujua.

Bado nasikia ulivyosema jukwaani: "Watawala mmewaona, wanasimama juu ya ngazi wakiamrisha. Mimi nitakuwa kiongozi. Nitashika upande wa chini." Wengine walipiga makofi tu. Sisi tulikaribia kulia, maana kwenye ngazi upande wa chini ndio unaokula uzito wote, na kiongozi wetu husimama hapo, hata kama tukipanda anakuwa wa mwisho na hakuna anayemwona.

Usisahau kibanda chetu cha getini sokoni. Kuna watu walikuja kupima eneo wakaondoka bila kusema kitu. Kikienda kile, hatuna pa kungojea kazi wala pa kuweka kamba.

Kaka yako


Tarehe 20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, ila simu na wageni havinipi hata nafasi ya kula. Mwambie mama goti asilidharau.

Kibanda hakiguswi nikiwa hai. Waambie wenzetu walale usingizi.

Nina ombi. Nimeletewa meza ya ofisi, nzito sijapata kuona, na ofisi yenyewe iko ghorofa ya tatu. Vijana wa hapa wataichubua. Njoo na Winchi na wenzako wawili. Nitavua koti tushike pamoja kama zamani.

Mdogo wako


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Mama hajambo. Winchi naye hajambo kidogo. Mgongo umemkaza tangu ile meza yako, anatembea kama mtu aliyeangusha sindano.

Niseme lililonikaa moyoni. Koti hukuvua. Ulisimama juu ya ngazi, mikono mfukoni, ukituambia, "Polepole, msiichubue!" Kwenye kona ya ghorofa ya pili Winchi aliteleza, meza nzima ikanijia kifuani. Nikainua macho nikutafute. Ulikuwa unaongea na simu. Nikajisemea huyu ana mambo mengi, nikameza.

Lakini jana kibanda kimebandikwa tangazo. Kitavunjwa. Chini yake pana sahihi yako. Niambie ni kosa, au mtu ameiga mwandiko wako. Chochote utakachosema nitawapelekea, maana wenzangu hawakutazami wewe, wananitazama mimi.

Kaka yako


Tarehe 25 Machi

Kaka,

Natumaini wote wazima.

Sahihi ni yangu. Usipandwe na hasira, nisikilize. Pale patakuwa maegesho ya magari, na mpango huu niliukuta mezani siku ya kwanza. Wewe huko chini unaona kibanda. Mimi huku naona mji mzima. Mji hautawaliwi kwa kuoneana haya. Nikimsikiliza kila mwenye kamba begani, nitatawala nini?

Waambie wachukuzi wasije ofisini kwa makundi, wanatisha wageni. Na wewe ukija, mwambie karani unataka kumwona Mheshimiwa. Hili la "mdogo wangu" mbele ya watu linanishusha.

Mama akihitaji kitu, aseme.

Diwani


Tarehe 17 Aprili

Mheshimiwa,

Natumaini afya yako ni njema. Mama mzima. Hajui lolote, bado anakusifu kwa majirani, nami namwacha.

Walikivunja asubuhi, sisi tukiwa kazini. Kamba tulizifukua kwenye kifusi. Sasa wenzangu wanasimama juani ukutani, askari wakitokea wanatawanyika. Mimi nasimama peke yangu pembeni. Likija kabati wanaitana, na hakuna anayeniita. Hawanitukani. Winchi ndiye aliyeniambia wazi: "Neno lako tulilibeba, likatuumiza. Nani atapanda ngazi nawe tena?" Kwetu sisi huko ndiko kufukuzwa kazi.

Nimekuwa nikijiuliza kinachoniuma zaidi ni kipi. Kwamba umekuwa mtawala ningezoea. Watawala nimewabebea meza kabla yako. Kinachoniuma ni jinsi ulivyoachia.

Unakumbuka siku niliyokupa kamba yako ya kwanza? Kabla ya jambo jingine lolote nilikufunza hili: kushindwa na mzigo si aibu, ila usiachie kimya kimya. Paza sauti, sema "Natua!" ili aliye chini yako ajiandae. Anayeachia bila kusema hatupandi naye ngazi tena, hata awe na nguvu za trekta. Wewe uliujua mpango tangu siku ya kwanza, umekiri mwenyewe. Ungeniambia tu kwamba umeshindwa. Ningegomba, tungehamisha kamba zetu, na ningewatazama wenzangu usoni. Badala yake uliniandikia tulale usingizi. Uliachia nikiwa chini, nikiamini umeshika.

Nimekubeba tangu tulipomzika baba, wala sikuona uzito. Sasa nauona. Nakupenda, na sijui nitaupeleka wapi upendo huo. Lakini mimi nitafanya kama nilivyokufunza, nakwambia kwanza ili ujiandae.

Natua.