Kwa Mama Birikti, Aliyekataa Kufukiza Ubani

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu siku yako ya kuzaliwa. Majirani hutushangaa tukisema hivyo, maana walikuona ukifa uwanjani Kartago, lakini sisi Wakristo ndivyo tunavyoiita siku ile ya kuifia imani.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukifuma sufu mlangoni, huku ukisimulia ndoto zako nusu kwetu, nusu kwa nyuzi. Hukuwa na ndoto fupi. Zilikuwa na milima na malisho yasiyo na mwisho, nasi tulichelewa kazini kwa kuzisikiliza. Na mjane akipita akitetemeka kwa baridi, ulimvisha kitambaa cha mteja, kisha ukaanza kufuma upya.

Liwali alikubembeleza: "Mama, chembe moja tu ya ubani kwa Kaisari, urudi kwa wanao." Ukakataa. Baba, aliyekamatwa pamoja nawe, hakuweza. Alituona tumesimama pale, akawaza nani atatulea, akaitupa ile chembe motoni. Tunampenda kwa hilo, na linatuuma.

Wakamwachia. Akawa anakuletea uji wa shayiri gerezani, nawe ukimtania dirishani: "Baba Migini, umeunguza tena! Juzi ubani, leo uji. Wewe na moto mna nini?" Alicheka huku analia. Wafungwa wenzako walimgeuzia mgongo, lakini wewe ulikomba bakuli.

Tangu uondoke unatujia usingizini. Unatembea polepole katika konde la kitani, maua ya buluu yakikufika kiunoni, wala husemi neno. Mama mdogo Namgida anasema una kiu, hivyo kila mara anakumiminia divai kaburini. Yeye ndiye aliyemkataza Baba katakata asifike hapa. "Mkono uliofukiza ubani hautagusa kaburi la dada yangu," alisema.

Leo asubuhi tumekuja kula nawe, kama ilivyo desturi, mkate na zeituni tumeviandaa juu ya jiwe lako. Baba alisimama mbali, kwenye ukuta wa shamba la mizabibu, ameshika chungu. Harufu ya kuungua ikatufikia. Sanami, kitinda mimba wako, akasema, "Usiku Mama kanisemesha. Ana njaa. Si kiu, njaa."

Machozi ya Mama mdogo yakadondokea mkate wake. Kisha akapaza sauti: "Shemeji! Wee shemeji! Lete huo uji wako mbovu. Mwenyewe anautaka."

Baba akaja na chungu chake. Tukakumiminia wewe kwanza, halafu tukala sote, na ule uji ulikuwa mchungu kweli kweli. Kanisani wazee bado wanamsimamisha mlangoni kwa sababu ya ule ubani, hatujui mpaka lini. Hapa kwako ameketi.

Wanaokukumbuka ni mumeo Gududa, wanao Migini na Sanami, na mdogo wako Namgida. Baba alituomba tusimtaje. Mama mdogo ndiye aliyesema atajwe wa kwanza.

Hatutakusahau kamwe, Mama, sote wanne.