Bafta Nyeupe ya Kulalia

Jumatatu, 2 Juni 1969

Chai bila sukari. Redio ya jirani inahimiza kujitegemea tangu alfajiri. Nimefumua pajama yangu ya zamani, ile niliyoinunua nilipokuwa karani wa stesheni. Magoti yametoboka, nyuma imebaki nyuzi. Baridi ya Juni hapa Isevya haina heshima kwa mzee. Mafundi wa Mtendeni wote wameshikwa na sare za shule. Basi nitashona mwenyewe. Sisi wanaume wa Ujiji tumekua na kofia ya viua mapajani, tukiidarizi. Sindano siiogopi.

Nimetandaza vipande mkekani. Mguu wa suruali ukiufumua si mguu tena. Ni bapa, kama ramani, na upande wa juu una tao moja, mfano wa ghuba ya ziwa. Tao hilo ndilo linaloruhusu mtu kukaa. Nimevaa suruali tangu ujana na sikulijua. Nimelitazama mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 3 Juni

Kanyenye, dukani kwa Karimu, Mhindi wa vitambaa. Rafu nusu tupu. Nilitaka kitambaa cha mistari. Hakuna. Kuna bafta nyeupe tu. Nikamwambia anikatie ya kunitosha mimi, kuanzia shingoni hadi miguuni, na ziada kidogo. Uzi sikununua. Ninao wa kofia.

Karimu alipima, akakata. Hakunitajia fundi, yeye ambaye humsukumia kila mteja shemeji wa rafiki yake. Aliponipa kifurushi, aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Mzee Ramadhani, kama nimekukosea siku yoyote, nisamehe." Nikamsamehe. Sijui nini.

Jioni nimeilaza bafta magotini. Babu yangu alibeba marobota ya kitambaa cheupe begani, kutoka pwani hadi Ujiji, akipita hapa hapa. Kwa kitambaa walinunua mtama njiani. Kwa kitambaa walinunua watu. Bibi yangu alinunuliwa hapa Unyanyembe, kwa kitambaa cha namna hii. Kwa hiyo mimi nipo. Mkasi umekaa pembeni. Nimeogopa kuugusa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekata. Nimeharibu.

Mkono umezoea kanzu, na kanzu karibu yote ni mistari iliyonyooka. Lile tao nililolistaajabia Jumatatu, mkono umelipita kana kwamba haukuliona. Suruali imenyooka kama ubao. Nikachuchumaa kuijaribu. Bandi zote, ile mishono ya muda, zikafumuka kwa mpigo.

Kitambaa kingine hakuna. Nimekaa na hasira mpaka adhuhuri. Kisha nikakumbuka kikwapa, kile kipande cha pembe nne tunachokitia chini ya mkono wa kanzu ili mtu aweze kuinua mkono. Nikakata kimoja, nikakishona kati ya miguu. Nikachuchumaa. Nikainuka. Nikachuchumaa tena. Kitambaa kisichozidi kiganja changu, na mtu mzima ameweza kukaa. Nimesema "Allah" kwa sauti, peke yangu chumbani.

Ijumaa, 6 Juni

Msikitini wamenipisha safu ya mbele. Baada ya sala wakaja mmoja mmoja kunipa mkono na kuniomba radhi. Fundi baiskeli ambaye sijawahi kuongea naye alinibusu bega. Nimekaa mji huu miaka thelathini nikijihesabu mpita njia. Kumbe wote wananijua jina. Nimerudi nyumbani.

Bi Tausi, mwenye nyumba wangu, akaniletea wali kwa kuku. Mwanamke anayenisimanga hata nikiomba kiberiti. Nikamwuliza kuna nini. Akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Umenunua sanda, baba. Mji mzima unajua."

Nikamwonyesha suruali. Aliigeuza, akaitia mkono ndani ya mguu mmoja, akautoa, akanitazama.

"Kujitegemea gani huku, mpaka nguo ya kulalia! Na mimi jogoo wangu nimeshamchinja!"

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akajishika mdomo. Amekwisha kupeleka habari Ujiji, kwa mdogo wangu Hamisi. Alimpa ujumbe mtu wa treni, Jumatano. Ujumbe wenyewe: kaka yako anajiandaa, wahi.

Kuku sikumla.

Jumamosi, 7 Juni

Sitaki aje.

Baba alipokufa, Hamisi alimzika bila kuningoja. Treni yangu iliingia Kigoma asubuhi. Kaburi lilifungwa jioni iliyotangulia. Najua sheria, maiti hacheleweshwi. Najua pia kwamba ulikuwa usiku mmoja tu. Sikumsemesha. Sijakanyaga Ujiji tangu siku ile.

Nimekwenda stesheni kupeleka telegramu: mimi mzima, usije. Karani wa zamu aliniamkia, akaniazima kalamu. Nikaandika jina la Hamisi. Kalamu ikagoma hapo. Akijua mimi mzima, hatakuja. Si wiki hii tu. Hatakuja kamwe, na mimi sitakwenda, na mmoja wetu atazikwa kweli.

Nimerudisha kalamu. Nimedanganya kwa kunyamaza, na sioni haya.

Jumapili, 8 Juni

Nashona koti la pajama. Nimejichoma, doa la damu kwenye ukosi. Atakuja, anione nimesimama, ageuke arudi? Anayo haki. Labda haji kabisa. Labda aliposikia alisema, mwache.

Nimefagia chumba. Bi Tausi amepita akasema nitatoboa sakafu. Nimefagia tena.

Jumatatu, 9 Juni

Amekuja.

Nilikuwa nimeivaa, naijaribu, mkono mmoja wa koti umeshikwa na bandi tu. Hakubisha hodi. Mzee mnene, mvi tupu, kikapu cha dagaa mkononi, anahema. Nilimtambua kwa anavyosimama, bega moja chini. Aliona kitambaa cheupe, na mimi ndani yake, wima. Kikapu kikamtoka.

"Kaka! Wamekuvika tayari?"

"Sijafa, Hamisi."

Akanishika mabega, akanigeuza, akanikagua mbele na nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe. "Sanda gani hii yenye miguu?"

"Ya kulalia."

"Ya kulalia!" Akakaa sakafuni, katikati ya dagaa. Nikadhani ni hasira. Alikuwa analia, kisha anacheka, kisha sikuweza kutofautisha. Akasema, "Njia nzima naomba, Mungu, wasimzike mpaka nifike. Njia nzima, kaka. Hayo tu."

Dua hiyo naijua. Niliisema mimi, katika treni hiyo hiyo, nikielekea upande wa pili.

Nikakaa naye chini. Kile kikwapa kikashika. Sina neno kubwa la kutosha kwa kilichonipata pale sakafuni. Mtu niliyemhesabu kuwa amekufa kwangu alikuwa ananukia samaki na makaa ya treni, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Jumanne, 10 Juni

Hamisi hakubeba nguo ya kubadili. Amelala na pajama yangu, tumbo limevuta vifungo. Mimi nimelala na kanzu. Habari ya baba hatujaigusa.

Asubuhi alikaa mlangoni na kopo langu la sindano. Macho yake bado mazima. Ametunga uzi sindano tatu, akazichomeka kwenye ukingo wa mkeka, upande ninaokaa mimi. Bi Tausi akapita, akamwamkia, akamwuliza atakaa siku ngapi. Akajibu kwamba mkono mmoja wa koti haujaisha.

Treni ya Kigoma imepiga honi. Hakuinua kichwa.