Vipokezi vya Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo Mwalimu Sufiani kafundisha misuli. Kumbe juu ya kila seli ya msuli kuna vipokezi! Neva inatoa kemikali, kipokezi kinaipokea, msuli unakaza. Nikakumbuka maneno ya daktari: kinga ya mwili wa Mama inavunja vipokezi vyake mwenyewe. Mlinzi anapiga wenye nyumba. Ndiyo maana kope zinamwanguka. Vidonge vinaizuia ile kemikali isiishe upesi, ili vipokezi vichache vilivyobaki viipate. Asubuhi, mchana, jioni — bila kuruka.

Kufunga Ramadhani kakatazwa na daktari. Shehe naye kamruhusu, atoe fidia ya mchele. Mama kaniahidi hatafunga. Mimi nikiwa shule, kidonge cha mchana anampa Shangazi Mwanamkuu.

Jioni nimemchorea Mama kipokezi. Kasikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi, 6 Machi
Bombani wanamwita Mama kobe, eti anakula mchana. Mama kacheka. Shangazi hakucheka.

Nimekuta jicho la kushoto limefumba kabisa. Nikauliza kidonge. Shangazi kasema kameza mbele yake. Basi ni joto. Inshallah litafumbuka.

Jumamosi, 8 Machi
Nafua khanga za Mama. Pindoni kuna fundo. Ndani vidonge sita, vya kila mchana tangu mwezi uandame.

Anafunga! Hata siku ile namchorea, alikuwa kafunga.

Shangazi hakukana. “Ulitaka mama yako afe anaitwa kobe?”

Mama kageukia ukutani. Baba yuko palizini, shambani Ngorongo, simu haipatikani. Hapa nyumbani wote walijua isipokuwa mimi, niliyekuwa nauliza kila siku kama mjinga.

Jioni Mama kaniomba radhi. Kaahidi upya. Nimemwamini.

Jumapili, 9 Machi
Nilipokwenda madrasa hakumeza tena.

Kwenye futari uji ukamtokea Mama puani. Shingo haisimami. Shangazi kakimbilia bajaji bila viatu.

Sasa tuko hospitali, nimekaa kwenye benchi. Njiani Mama alinishika mkono, vidole havina nguvu. Sauti yote puani: “Usiseme nilifunga. Sema nilimeza vyote.”

Nilimshikilia shingo isianguke.

Nesi katoka. Anauliza vidonge vya huyu mama anavisimamia nani. Shangazi ananisukuma mgongoni, taratibu.