Kufuli la Mlango wa Nyuma

Chelangat, rafiki yangu,

Wamekuweka kwenye fulana. Nimeona nikwambie mimi kabla hujasikia kwa mwingine. Ni ile picha ya kitambulisho cha kazi, uliyoichukia kwa sababu ulipigwa ukitaka kupiga chafya, na chini yake wameandika Usalama Kwanza. Supavaiza alivaa yake juu ya shati na tai, akasimama mbele yetu akasema wewe ni shujaa wa kiwanda. Nilitamani kumtemea mate. Nikapiga makofi kama wengine, maana kazi bado naitaka.

Shujaa gani? Ulikuwa unafagia. Ulikuwa nyuma ya mashine ya kuchambua majani, unakomba lile vumbi jepesi la chai linaloganda kwenye mabomba na mbao za dari. Kila wiki ulikuwa ukisema, "Moraa, hii vumbi siku moja itatupika." Cheche ikatoka kwa draya ya kukaushia majani, vumbi likashika, moto ukapita juu ya vichwa vya watu. Wenzetu walitoka kwa mlango wa mbele kwa sababu walikuwa karibu nao. Wewe ulikuwa karibu na mlango wa nyuma. Na mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli upande wa nje.

Unakumbuka siku supavaiza alipoliweka? "Mnabeba majani kwa gambuti kama hii kiwanda ni ya mama yenu!" Tangu hapo, kwenda chooni ilikuwa lazima tuzunguke mbele, tuvue gambuti, tupapaswe kama wezi, ndipo tupite. Ndiyo maana siku ile nilikuwa nje. Nilikuwa natoka chooni. Nikasikia ukigonga.

Sitaandika ulivyogonga. Nililipiga lile kufuli kwa jiwe mpaka jiwe likavunjika mkononi. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa supavaiza, na supavaiza alikuwa ameenda Litein kunyolewa. Alirudi amenyolewa vizuri sana.

Kwenye matanga yako walileta chai. Naapa, Chelangat. Walileta katoni za chai, ile ya daraja la kwanza ambayo hatukuruhusiwa hata kuinusa. Mama yako alizitazama, akauliza kwa Kiswahili ili wageni wote waelewe, "Hii ndiyo walikuwa wanachunga?" Akachemsha maziwa matupu, akawapa watu. Supavaiza akanywa na kuomba aongezewe.

Halafu wakaleta mkufunzi kutoka Kericho. Mtu mzuri, usimkasirikie. Aliwasha dizeli kwenye pipa lililokatwa, akatufundisha kushika mtungi wa kuzimia moto, kulenga chini ya moto na si juu, kutambaa moshi ukijaa. Akapitisha kidole kwenye bomba, akatuonyesha vumbi, akasema hiki ni kiberiti kinachongoja. Maneno yako, ila yeye alilipwa. Kisha akauliza mlango wa pili uko wapi. Supavaiza alikuwa ameufungua asubuhi, akauonyesha akitabasamu. Mkufunzi akasema mlango wa kutokea moto haufungwi watu wakiwa ndani, hata kama ndani kuna dhahabu. Tukapiga picha. Gari lake halijafika lami, kufuli likarudi.

Nimekuwa mkali, hungenitambua. Jirani yangu huwafungia watoto wake nyumba kwa nje akienda kuchuma chai, na jiko la makaa analiacha ndani ili wasisikie baridi. Zamani ningesema ni mambo ya watu. Juzi nilimsimamisha njiani na kikapu chake mgongoni, nikamwambia mlango unavyosikika mtu akiugonga kutoka ndani. Alilia. Nilimwacha alie. Sasa watoto anawapeleka kwa nyanya yao.

Haya, sikia hii. Wiki hii supavaiza amenichagua mimi kuwa msimamizi wa usalama wa moto. Amenipa kizibao cha rangi ya machungwa, na akanipa ufunguo. "Sasa wewe ndiyo utakuwa unafunga huo mlango, Moraa. Tunakuamini."

Mimi! Nifunge!

Nilifungua, Chelangat. Nikalitoa lile kufuli, bado lina alama za jiwe langu. Nikatoka kwa mlango huo huo, sikuvua gambuti, sikupapaswa na mtu, nikaenda moja kwa moja mpaka chooni nikalitumbukiza shimoni pamoja na ufunguo wake. Lilivyotua! Ungecheka mpaka ushike mbavu. Mimi nilijaribu kucheka, nikashindwa.

Sasa anauliza kufuli liko wapi. Anasema atanunua lingine, na akijua ni mimi atanifukuza. Anifukuze. Lakini mpaka siku hiyo, hakuna mwanamke atakayegonga ule mlango tena.

Lala, rafiki yangu. Anunue lingine. Nimechungulia lile shimo, bado ni refu.

Moraa wako