Kicheko cha Kwanza cha Delphine

Shiprock

Dada Lorinda,

Mvua imenyesha, kondoo wa mama wazima. Nyonga ya mwanangu Delphine nayo imekaa mahali pake. Kumfunga ile mikanda ya miguu inayoishikilia nyonga ni kazi yangu, kwa hiyo akiniona tu analia.

Juzi wifi Rochelle alijitia kupiga chafya, mtoto akacheka kwa mara ya kwanza. Na unajua desturi yetu: anayemchekesha mtoto mara ya kwanza ndiye anayemfanyia karamu, na mtoto huwagawia wageni chumvi.

“Wifi, nimemchekesha mimi, karamu yangu! Wewe endelea kufunga mikanda!”

Basi kwenye karamu Rochelle ndiye aliyemshika mkono Delphine, mtoto akitugawia chumvi. Nilipanga foleni na wageni, nikapokea yangu.

Kesho mikanda inavuliwa kabisa. Rochelle ameomba twende naye hospitali. Nimemwambia gari limejaa. Tutakuwa mimi na Delphine tu.

Mdogo wako,
Verna